Amepona, mbona bado amechoka?

Mtoto wa miaka saba ameketi kwenye ukingo wa kitanda. Soksi moja ameshaivaa, ya pili ameishika mkononi, anaitazama. Dakika inapita, nyingine inapita. Mama anachungulia mlangoni na kuuliza kulikoni, naye anajibu kwa ufupi: "Ngoja kwanza, mama." Wiki tano zilizopita mtoto huyu alikuwa na mrija kooni, mashine ikimpumulia. Leo damu imepimwa na haina tatizo, kifua ni safi, homa hakuna. Karatasi ya kuruhusiwa inasema hali yake ni nzuri. Na soksi ya pili bado iko mkononi.

Nimeanza na soksi kwa makusudi. Ukitaja uchovu baada ya ugonjwa mahututi, wengi humfikiria mtoto asiyeweza kukimbia au kupanda ngazi, na wapo wa hivyo. Lakini kuvaa soksi hakuhitaji nguvu peke yake. Unainama bila kuanguka, vidole vinatii, macho yanatafuta kisigino kiko upande gani, akili inakumbuka kwamba baada ya soksi ni viatu, baada ya viatu ni mkoba. Hatua yoyote kati ya hizo inaweza kuwa ndiyo iliyokwama. Uchovu wa mtoto aliyetoka mahututi ni madeni kadhaa yaliyokopwa kwa mkupuo mmoja wakati mwili ukipigania uhai. Kila deni lina mdai wake na namna yake ya kulipwa. Ukiyachukulia yote kuwa deni moja, ukasema tu "alale zaidi" au "achangamshwe kidogo", kuna hatari ya kumlipa mdai ambaye siye.

Swali hili limechelewa kuulizwa, na sioni wa kulaumiwa. Agosti 1952, polio ilipoukumba mji wa Copenhagen, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alitaka msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho atobolewe koo, apitishiwe mrija na kusukumiwa hewa kwa kuminya mfuko wa mpira. Msichana akaishi. Mashine za kutosha hazikuwapo, hivyo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu za kuminya mifuko kwa mikono yao, usiku na mchana, kwa miezi. Mwaka 1955 Göran Haglund akafungua huko Gothenburg, Uswidi, wodi inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani kwa watoto mahututi. Enzi hizo swali lilikuwa moja tu: ataishi? Anayeminya mfuko saa nane za usiku hana nafasi ya kujiuliza kama mtoto huyu mwakani ataweza kusoma ukurasa mzima bila kulaza kichwa kwenye dawati.

Leo, katika nchi zenye uwezo, watoto zaidi ya 95 katika kila 100 wanaoingia wodi hizo hutoka hai. Ndipo swali la pili likapata pa kukaa. Mwaka 2010 wataalamu wa wagonjwa mahututi walikutana Marekani na kulipa jina kundi zima la matatizo yanayombakia mtu baada ya kuokoka: ya mwili, ya akili na ya hisia. Kwa watoto, maelezo yao wenyewe yalichapishwa mwaka 2018, na yalitilia mkazo mambo mawili ambayo kwa watu wazima hayana uzito uleule. La kwanza, mtoto anaugua huku akikua, kwa hiyo jeraha la leo linaweza kujitokeza miaka mingi baadaye, pale umri utakapomdai ujuzi ambao hakupata nafasi ya kuujenga. La pili, wazazi na ndugu zake nao wamo ndani ya ugonjwa huo.

Ukubwa wa jambo lenyewe unaonekana kwenye utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020. Ulifuatilia watoto 389 walioingia hospitali 12 wakiwa na maambukizi makali yaliyoangusha shinikizo la damu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 35 ya waliookoka walikuwa bado hawajarudia ubora wa maisha waliokuwa nao kabla ya kuugua. Mwaka mzima, kwa mtoto wa miaka mitatu, ni theluthi moja ya umri wake.

Mtoto mmoja, machovu kadhaa

Kifaa kinachotumika sana kupima uchovu wa watoto ni dodoso la maswali 18 lililobuniwa na timu ya mwanasaikolojia Mmarekani James Varni na kujaribiwa kwanza kwa watoto wenye saratani. Maswali yamegawanywa mafungu matatu ya maswali sita sita. Fungu la kwanza linahusu mwili mzima: kukosa nguvu ya kufanya hata yale anayoyapenda. La pili linahusu usingizi na kupumzika. La tatu ni akili: kusahau, kushindwa kushika jambo, kufikiri polepole. Kuanzia miaka 5 mtoto hujibu mwenyewe. Kuanzia miaka 2 mzazi hujibu kwa niaba yake.

Kinachonivutia hapo ni ule mgawanyo, kuliko hata alama zinazopatikana. Mtoto anaweza kuwa mzima fungu la kwanza na hoi fungu la tatu. Huyo ndiye anayekimbiza mpira jioni lakini asubuhi darasani hawezi kushika maagizo mawili yaliyofuatana. Watu wazima wakimwona uwanjani husema: "Mbona mpira anaweza?" Ni kauli ndogo, lakini imeshatoa hukumu, na mtoto anaisikia.

Wahudumu wengi huwaeleza wazazi kwa mfano wa betri ya simu: mtoto wako ameamka na asilimia 40, mpangie matumizi. Ni mfano mzuri wa kuanzia mazungumzo, nami nimeutumia, ila una kasoro mbili. Simu ikichajiwa usiku kucha, asubuhi inajaa. Mtoto huyu hupata saa kumi kamili za usingizi na kuamka kama aliyekesha. Pia simu ikikaa bila kutumiwa haiharibiki, ilhali msuli usiotumiwa hukonda.

Deni la misuli

Mwili unapopigania uhai haulionei paja huruma. Huvunja protini za misuli ili kupata malighafi ya kuendesha kinga na kuziba majeraha, na kwa kuwa mgonjwa amelazwa bila kutikisika, pengine akiwa amepewa dawa za kulegeza misuli au steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe), uvunjaji huo huenda kasi. Kwa watu wazima, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipima msuli wa paja kwa ultrasaundi na kukuta umepungua kwa karibu asilimia 18 kufikia siku ya 10. Watoto walio kwenye mashine ya kupumulia nao wamepimwa hivyohivyo, na unene wa paja ukaonekana kushuka kwa takriban moja ya kumi ndani ya siku 5. Kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu ambao mashine imeupokonya kazi yake, hukonda haraka zaidi, asilimia 3 na ushei kwa siku.

Mara nyingi mzazi haoni hasara hiyo mapema, kwa sababu mwili wa mgonjwa mahututi hujaa maji. Uso umevimba, mizani inasoma uzito uleule, na chini ya ngozi msuli umeshaondoka. Maji yakitoka ndipo mtu anagundua miguu imekuwa kama vijiti.

Hata msuli uliosalia haufanyi kazi kama zamani. Ndani ya seli kuna vinu vidogo vya nishati, mitokondria, na maambukizi makali huvidhoofisha. Ngazi zilezile kumi zinakuwa ghali kuliko zilivyokuwa. Kuna pia watoto wachache ambao mishipa yao ya fahamu imedhurika. Hao hushindwa kuinua mguu au kukaza ngumi, na kwao neno uchovu halitoshi, wanahitaji kupimwa na daktari wa mishipa ya fahamu.

Mtu angedhani dawa ni kumlisha mtoto kwa wingi tangu siku ya kwanza wodini. Hata madaktari waliwahi kudhani hivyo. Kisha likaja jaribio la watoto 1,440 huko Ubelgiji, Uholanzi na Kanada, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016: waliocheleweshewa chakula cha kupitia mishipa ya damu kwa wiki nzima walipata maambukizi machache na kutoka mapema kuliko waliopewa mara moja. Mwili ulio katikati ya vita haujengi. Ujenzi huja baadaye, na hapo ndipo protini na nishati ya kutosha vinapohitajika kweli, pamoja na mwendo, kwa sababu chakula bila kazi huelekea zaidi kujenga mafuta.

Deni la usingizi

Wazazi wengi husema: "Lakini hospitalini alilala muda wote!" Hakulala. Dawa za kumtuliza mgonjwa aliye kwenye mashine humfumba macho, ila nyingi hupunguza usingizi mzito pamoja na ule wa ndoto, na katika usingizi mzito ndimo homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi. Juu ya hapo kuna taa zisizozimwa, vipimo vya usiku, mtu anayekugeuza ubavu kila baada ya saa chache. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za wodini usiku zisizidi desibeli 30, sawa na mnong'ono. Wodi za mahututi kwa kawaida huvuka 50. Ving'ora vya mashine havijui usiku wala mchana, na baada ya wiki mbili saa ya ndani ya mtoto nayo haijui.

Kisha huja kuachishwa dawa. Mtoto aliyepewa dawa kali za maumivu na za kutuliza kwa siku nyingi mwili wake umezizoea. Zikipunguzwa hutokwa jasho, hutetemeka, hukataa kulala. Baadhi hutoka hospitalini wakiwa bado wamo kwenye ratiba ya kupunguza dozi kidogo kidogo. Mzazi ambaye hakuelezwa hayo huona tu mtoto mkali asiyelala, na kufikiri ugonjwa umembadilisha tabia.

Kuna na kuweweseka. Takriban mtoto mmoja kati ya wanne walio mahututi hupitia kipindi cha kuchanganyikiwa: haoni walipo wazazi ingawa wapo pembeni yake, anapapasa hewani, anaona wadudu ukutani, au amezubaa kabisa bila kumtambua mtu. Huyu aliyezubaa hupitwa kwa urahisi, maana ametulia, na mgonjwa aliyetulia hufurahisha kila mtu. Kuweweseka huko hakuishii wodini kwa wote. Yale aliyoyaona yanaweza kumfuata kitandani nyumbani, na mtoto anayeogopa kufumba macho hana njia ya kulipa deni la usingizi.

Deni la ubongo

Katika umri wa karibu miaka mitano, ubongo wa binadamu hula zaidi ya asilimia 40 ya nishati yote ya mwili. Kwa mtu mzima aliyetulia ni kama asilimia 20. Mtoto, kwa maneno mengine, ni kiumbe kinachoendesha mtambo mkubwa kwa mafuta machache, na huo ndio mtambo uliopitia siku za oksijeni kidogo, homa kali, dawa na kukosa usingizi.

Mara nyingi ubongo uliotikiswa hivyo bado unaweza kila kitu. Tatizo ni kwamba mambo yaliyokuwa yakijiendesha yenyewe sasa yanahitaji kukusudiwa. Kusikiliza sauti ya mwalimu huku viti vikikwaruza na mwenzako akinong'ona ni kazi ya kuchuja, na mtoto mzima huifanya bila kujua. Huyu anaifanya kwa jitihada. Ndiyo maana kwenye chumba tulivu, akiwa na mtu mmoja, saa tatu asubuhi, anaweza kufaulu mtihani wa akili vizuri tu, kisha saa saba mchana darasani akasoma mstari mmoja mara tatu bila kuuelewa. Mpimaji anaandika "hana tatizo", na amesema kweli kuhusu hiyo saa tatu asubuhi.

Damu na homoni nizipitie haraka, kwa kuwa hapa vipimo vipo na tiba ipo. Mtoto aliyekuwa mahututi amechotwa damu mara kwa mara, na wakati huohuo ini lake, kwa kuitikia maambukizi, limetoa homoni inayofungia madini ya chuma ghalani yasitumike. Chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120, kwa hiyo upungufu wa damu huweza kuonekana baada ya mtoto kurudi nyumbani. Aliyetumia steroidi kwa muda anaweza kuwa na tezi zilizosahau kutengeneza kortisoli yake mwenyewe, homoni inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa. Huyo akichoka isivyo kawaida, akitapika au akilegea anapopata hata homa ndogo, apelekwe hospitalini upesi. Tezi ya shingo nayo hupimwa pale dalili zinapoielekea.

Deni la hofu

Hili ndilo linalodharauliwa kuliko yote, labda kwa sababu halionekani kwenye ultrasaundi. Mtoto aliyeamka na kujikuta amefungwa mirija, hawezi kutoa sauti, watu waliofunika nyuso wamemzunguka, ameingiwa na kiwewe. Mwili wenye kiwewe hukaa macho: moyo unadunda juu kidogo, misuli imekaza, masikio yanasikiliza mlango. Kukaa lindo namna hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni ni kazi ya sulubu, hata kama mtoto hajanyanyuka kitini. Watafiti wamekuta kwamba watoto wenye dalili nyingi za kiwewe baada ya wodi ya mahututi ndio pia wanaoripoti uchovu mwingi. Kipi kimezaa kipi si rahisi kutenganisha. Usingizi mbovu hukuza hofu, na hofu huharibu usingizi.

Kuna desturi iliyoanzia nchi za Skandinavia miaka ya 1980 ambayo naona ingefaa kuenea zaidi: daftari la wodini. Wauguzi na ndugu huandika kila siku, kwa lugha ya kawaida, kilichotokea. "Leo umefungua macho. Babu alikuimbia. Mashine iliyokuwa ikilia ni ya kukupa dawa." Mtoto akipata nafuu husomewa. Kumbukumbu yake imejaa mapengo na majinamizi, na daftari humpa kitu cha kuweka mahali pa wadudu wa ukutani.

Kwa nini hauonekani

Mtu mzima akichoka husema. Mtoto mdogo hana neno la "uchovu" lililotengana na huzuni, njaa au kukasirika, basi huutoa kwa mlango uliopo. Hulia kwa kuvunjikiwa kalamu. Humpiga mdogo wake. Hukataa kwenda kwa rafiki aliyemlilia wiki nzima. Mwingine huchangamka kupita kiasi, anaruka kutoka kiti hadi kiti, na ni nani atakayemdhania huyo kuwa amechoka? Kijana wa miaka 14 huficha kabisa, kwa kuwa jambo analolitaka kuliko yote ni kufanana na wenzake tena.

Halafu kuna namna tunavyouliza. Swali la kliniki huwa "amerudi shule?", na jibu likiwa ndiyo, faili linafungwa. Mwaka 2020 ilipojitokeza hali ya watoto kuvimba viungo vya ndani wiki chache baada ya kuambukizwa korona, hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, iliwafuatilia watoto 46 kwa miezi sita. Baada ya muda huo, 45 kati yao walikuwa wamerudi masomoni kwa muda kamili, darasani au kwa njia ya mtandao. Ukiishia hapo, ni ushindi mtupu. Lakini walipowaambia watembee kwa dakika sita na kupima umbali, watoto 18 kati ya 40 waliofanya kipimo walikuwa kwenye kundi la chini kabisa, lile ambalo kwa umri na jinsia yao huangukia watoto watatu tu katika mia. Yaani karibu nusu yao. Kwa rejista ya shule walikuwa wamepona.

Kulipa kwa awamu

Makosa ya nyumbani huwa mawili, na yote mawili hutoka kwenye upendo. Mmoja humwekea mtoto mto mgongoni na kumzuia kila kitu kwa miezi, misuli ikazidi kukonda na saa ya usingizi ikazidi kupotea. Mwingine, akiona siku moja nzuri, humruhusu yote: bustani, wageni, masomo ya kufidia. Kesho yake mtoto haamki, na keshokutwa hivyo hivyo. Akipata nafuu, mzunguko unaanza upya. Siku nzuri ndizo zinazohitaji breki kuliko siku mbaya, na hapo ndipo wengi wetu tunashindwa, kwa sababu kumwambia mtoto anayecheka "inatosha kwa leo" kunauma.

Wataalamu wa mazoezi ya viungo huanza kwa kutafuta kiwango ambacho mtoto anakiweza hata siku mbaya. Tuseme ni kutembea dakika nane. Basi anatembea dakika nane siku mbaya na dakika nane siku nzuri, kwa siku kadhaa mfululizo, na ikiwa asubuhi zinazofuata si mbaya, zinakuwa tisa au kumi. Mapumziko huwekwa kabla hajachoka. Akisubiriwa aanguke, mapumziko hayo yamechelewa. Kazi za akili zinahesabiwa pia, maana ukurasa wa hesabu na kuzungumza na shangazi watatu vinatoka kwenye mfuko uleule. Na mchezo uwemo, hata kama unakula nguvu ambazo zingetumika kusoma. Mtoto ambaye nguvu zake zote zimeelekezwa kwenye mambo ya lazima ataona kupona ni adhabu.

Usingizi hurekebishwa kuanzia asubuhi: kuamka saa ileile kila siku, mwanga wa jua mapema, kulala kidogo mchana ikihitajika lakini kusifike jioni. Shuleni, nusu siku kwa wiki chache mara nyingi huleta matunda kuliko siku nzima ya kusinzia. Sehemu tulivu ya kukaa dakika kumi, maandishi ya ubaoni yaliyokwisha kunakiliwa, mtihani uliogawanywa mara mbili. Mwalimu aambiwe kwa maandishi, kwa kuwa mtoto huyu kwa macho ni mzima, na baada ya mwezi mmoja huruma ya watu huisha.

Tahadhari moja kubwa: ushauri wa kuongeza mwendo haumhusu kila mtoto. Aliyevimba misuli ya moyo kwa kawaida huzuiwa michezo ya nguvu kwa miezi mitatu hadi sita, mpaka daktari wa moyo amruhusu. Na uchovu unaobadilika sura usivumiliwe nyumbani: pumzi inayokatika, maumivu ya kifua, kuzimia, homa mpya, kupauka, uzito unaoshuka, mtoto aliyekuwa anatembea sasa anatambaa, au kijana anayesema afadhali asingeamka.

Mzazi pia amechoka, na uchovu wake una uzito kwenye hesabu hii. Amekesha kwenye kiti cha plastiki wiki tatu, na nyumbani bado huamka usiku kusikiliza kama kifua cha mtoto kinapanda na kushuka. Mtoto anayemwona mama anamchungulia kila nusu saa anajifunza kwamba bado kuna hatari. Kupokezana zamu za usiku na mtu mzima mwingine ni sehemu ya matibabu, na isihesabiwe kuwa anasa.

Wengi hupata nafuu kubwa katika miezi ya mwanzo, wengine huchukua mwaka na zaidi, na mstari wa kupona huwa na mabonde. Siku ya kliniki, daktari akiuliza anaendeleaje, jibu la "anachoka tu, daktari" halimsaidii sana. Afadhali umpe daftari la wiki mbili: Jumatatu alikaa darasani hadi saa tano, akarudi analia, usiku aliamka mara tatu akipiga kelele kuhusu mirija, Jumanne hakuamka hadi saa nne, Jumatano alitembea hadi kona na kurudi, akavaa soksi zote mbili. Kutoka hapo daktari anaweza kuamua aanzie kwenye damu, kwenye misuli, au kwenye kile mtoto alichokiota usiku wa Jumatatu.